Siku ya Mia Tatu Sabini na Mbili

Kama hujawahi kumwona mtu akiliamkia bati, panda Lusegwa, kitongoji kilichoning'inia juu ya Kinole kama nguo iliyosahauliwa kambani. Utamkuta Yuliana. Kwa miaka ishirini na mitatu, saa moja asubuhi na saa kumi na moja jioni, alikuwa akishuka hadi kijito cha Mgozi na kuinama mbele ya bati refu lenye mistari myeusi na myeupe, halafu anaandika kwenye daftari maji yamefika sentimita ngapi. Ofisini kwetu bati hilo lina jina refu la kitaalamu. Lusegwa wanaliita rula, na mimi niko upande wa Lusegwa.

Kazi hiyo aliachiwa na mjomba wake. Shamba la bondeni, lenye magimbi na iliki, alipewa na mama yake, kwa sababu kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na mwanamume anayeringia shamba mara nyingi anaringia la mkewe. Siku mwanawe wa kwanza alipooa, saa kumi na moja ilipofika Yuliana aliondoka katikati ya ngoma akashuka mtoni na gauni lake la kijani. Aliporudi akamwambia mwongoza sherehe aendelee. Malaria ilipomshika alikuwa anashuka akiwa amejifunga blanketi. Hajawahi kuniletea daftari lenye siku tupu, nami nimeyasoma yote, maana kuyaingiza kwenye kompyuta, mjini Morogoro, ndiyo kazi yangu.

Nina stashahada nusu. Nusu nyingine iko chuoni, inanisubiri kama mke aliyechoka.

Programu tunayoitumia unailisha namba, inakuchorea mstari. Chini kuna tarehe, pembeni kuna mhimili wa wima wenye kina cha maji. Ukiiacha ijipangie yenyewe, inatafuta namba ndogo kuliko zote na kubwa kuliko zote, kisha inapanga mhimili uzitoshe zote. Inaonekana haki. Lakini ni sawa na fundi anayejenga nyumba ya watu mia, mmoja wao akiwa na urefu wa mnazi: ataipandisha dari kwa ajili ya yule mmoja, na wale tisini na tisa waliobaki wataonekana wote wafupi sawasawa, hata kama nusu yao wamekonda mpaka mifupa.

Mgozi ulikuwa na mtu wa namna hiyo. Mvua ikinyesha vizuri kijito kinafika sentimita sabini, themanini. Kiangazi kinalala kati ya arobaini na ishirini. Lakini siku moja ya Aprili, miaka kumi na moja iliyopita, Yuliana aliandika 372. Kwa ajili ya siku hiyo mhimili wetu ulipanda mpaka mia nne, na miaka mingine yote ikalala chini pale kama mkeka.

Februari mwaka huu ofisi ilipanda Lusegwa na jenereta, projekta na Injinia Godlisten, bosi wangu. Kulikuwa na mradi wa bomba. Maji ya Mgozi yachukuliwe juu kabisa, kabla hayajafika kwenye rula wala kwenye mfereji wa Yuliana, yateremshwe kwenye nyumba mpya zinazojengwa kule chini. Masharti ya mradi yalikuwa wazi: mto ukionekana umekuwa ukipungua, bomba halipiti, ukionekana haujapungua, linapita. Yuliana alijua, na kila mtu alijua, kwamba bomba likipita mfereji utakauka, na shamba lisilo na mfereji pale bondeni ni mawe tu yenye jina la ukoo.

Tulikusanyika kwenye ukumbi wa kigango cha kanisa. Picha ikatua kwenye shuka tuliyoazima kwa katekista.

"Mto juu ya shuka tunaujua," akasema mzee Mwinshehe kutoka nyuma. "Ni ule wa kulalia. Huu wa leo ni upi?"

Watu wakacheka, hata Injinia akacheka. Si mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo. Ningekuwa na mtu mbaya wa kumtukana ningekuwa na usingizi.

"Shikamooni wazee wangu," akasema. "Huu ni Mgozi wenu, miaka ishirini na mitatu. Mnauona mstari? Umenyooka. Mto haujapungua."

Yuliana alisimama, mikono kwenye kanga. "Injinia, anayeusoma ni mimi. Kiangazi cha kwanza nilisoma arobaini na moja. Mwaka jana nimesoma kumi na tisa."

"Ndiyo mama, na zote zimo humu."

"Ziko wapi?"

Alimwonyesha kwa fimbo, chini kabisa, karibu na pindo la shuka. Yuliana akasogea, akakodoa. Miaka yake yote ilikuwa unene wa kidole.

Kipanya kilikuwa mkononi mwangu. Hakuna aliyeniagiza, ila mkono wangu una kiherehere chake. Nikaburuta kisanduku juu ya ule unene wa kidole, nikaachia. Programu ikavuta karibu. Mhimili uliokuwa unakwenda sifuri mpaka mia nne sasa ukawa kumi na tano mpaka hamsini, na ule mkeka ukainuka ukawa mteremko. Kiangazi baada ya kiangazi, ngazi ya kushukia kaburini. Kina mama wa mbele wakaanza kuitana kwa Kiluguru, na mmoja akaweka kidole kwenye shuka pale mstari ulipoishia, akawa anaupapasa kama anapima homa.

"Rudisha," akasema Injinia, taratibu.

Nikabonyeza mara mbili. Mkeka ukarudi.

"Jamani," akawaambia, "hata sisimizi ukimsogelea na kioo anakuwa tembo. Hatuwezi kuamua kwa kusogelea."

"Na wewe umesimama mbali kiasi gani?" akauliza mzee Mwinshehe. "Maana ukisimama Turiani hata tembo anakuwa sisimizi."

Mkutano uliisha kwa sala na soda.

Kwenye gari nilimwuliza bosi kwa nini ripoti isichapwe na ile picha ya karibu. Akanieleza bila hasira kwamba zamani kulikuwa na karani aliyekuwa akibana mhimili na kuupanua kadiri alivyoombwa na wakubwa, mpaka mto mmoja ukawa umejaa na kukauka katika wiki moja. Tangu hapo picha kuu ya ripoti inachapwa kama mashine inavyojipangia. Kila kipimo kionekane, na asiwepo wa kuchagua.

"Na kipimo kimoja kikiwa kimekosewa?"

"Msomaji anajaza fomu ya masahihisho, anasaini, kinatolewa. Kwani kuna kilichokosewa?"

Nilitazama dirishani kana kwamba miti ilikuwa imeniuliza kitu. "Ile mia tatu sabini na mbili," nikasema. "Rula yenyewe ina mita mbili tu. Alizisoma wapi hizo nyingine?"

"Una uhakika amekosea?"

"Ndiyo."

Nilikuwa na uhakika hakukosea. Daftari la mwaka ule niliwahi kulishika. Kwenye safu ya maelezo, ambayo kwa kawaida anaandika "mvua kidogo" au "jua", siku ile alijaza mistari mitatu. Aliandika kwamba maji yaliimeza rula, kwamba alifunga kitenge kwenye shina la mkuyu pale maji yalipogusa, na kwamba kesho yake yaliposhuka alipima kwa kamba kutoka kwenye fundo hadi sifuri ya rula, mara mbili, akapata namba ileile. Halafu, kwa mwandiko uleule: "Joyce hajarudi." Nilipokuwa nikiliingiza daftari lile safu ya maelezo niliisoma tu bila kuiingiza, kwa sababu programu haikuwa na haja nayo na mimi nilikuwa na haja ya chai.

Joyce alikuwa mdogo wake. Alikuwa anavuka kutoka ng'ambo na mzigo wa iliki. Hawakumpata, si Kinole wala huko chini. Na kwa kuwa hakukuwa na mwili hakukuwa na cheti, hakukuwa na kaburi, padri alisoma misa juu ya picha. Mahali pekee duniani palipoandikwa kwamba siku ile ilikuwepo ni kwenye daftari la mto.

Nilipanda peke yangu Machi, kwa bodaboda, na fomu ndani ya bahasha. Nilimkuta anapalilia iliki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Salehe. Umekuja kupima kwa miguu yako leo? Nilidhani mto mnauona kwa kubonyeza."

"Nimekuja na dawa."

"Dawa inayokuja na bahasha huwa chungu. Kaa."

Nilikaa kwenye jiwe nikamweleza. Nilichora kwenye udongo: huu ndio mhimili, huu hapa mnazi mmoja, hawa wafupi. Nikamwambia mnazi ukitoka, dari inashuka yenyewe mpaka themanini, bila mtu kuigusa, na picha itachapwa kila mwenye macho aone mto unavyokufa. Kinachotakiwa ni saini tu. Pale kwenye "sababu" tunaweka alama kwenye "kuona vibaya".

Aliitazama ile michoro. Kuku akapita juu yake.

"Unataka niseme siku ile haikuwepo."

"Siyo haikuwepo, mama. Ilikuwepo. Tunasema tu maji hayakufika pale."

"Yalifika wapi?"

"Popote. Sitini. Themanini."

"Kwenye themanini Joyce angevuka."

Mimi ni mtu wa maneno. Mtaani kwetu wananiita redio mbao. Pale juu ya jiwe nilifuta tu ule mnazi kwa kidole cha mguu.

"Alikuwa anavuka kwenye themanini kila masika," akaendelea, bila kupandisha sauti. "Na mzigo kichwani, na wimbo. Nikisaini hiyo themanini yako, watu watauliza huyo mwanamke alikufaje. Alilewa? Alijitupa? Ilikuwa mia tatu sabini na mbili, Salehe. Nilipima mara mbili. Nilipima huku watu wananiita niende kumtafuta, nikasema nikiondoka kabla sijapima, nani atajua."

"Hakuna atakayeuliza, mama. Ni namba kwenye kompyuta."

"Kama ni namba tu, mbona umepanda mlima?"

Nilikunja bahasha. Nilikuwa nimeshasimama, nami nasema hili kwa sababu ni kweli, siyo ili nionekane afadhali. Lakini chini ya shamba, kwenye magimbi, alipita Janeth, binti wa Joyce, na mtoto mgongoni na mwingine mbele. Shamba ni la Janeth baada ya Yuliana. Yuliana amezaa wanaume watupu, na kwa ukoo wao wanaume hawarithi bonde. Alimtazama Janeth akiinama kufungua kijilango cha mfereji, maji yakaingia kwenye matuta.

"Huyu yuko hai," akasema. "Lete kalamu."

Alisaini kwa jina lake lote, kwa mwandiko uleule wa madaftari. Alama ya "kuona vibaya" niliiweka mimi. Alipomaliza aliifuta mikono yake kwenye kanga, mara nyingi kuliko uchafu uliokuwepo, akarudi kupalilia. Nilimuaga nikashuka na bahasha.

Ofisini niliingiza sahihisho. Mnazi ukatoka, dari ikashuka mpaka themanini na kitu, mteremko ukajitokeza wenyewe. Nilimwita Injinia. Akatazama, akavua miwani, akasema, "Kumbe mama wa watu alikuwa anasema kweli." Picha ikaenda kwa wahakiki wa mradi. Kwa wiki mbili nilitembea mjini kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nilimpigia simu Yuliana nikamwambia picha imetoka safi sana. Akasema, "Haya."

Wiki ya tatu Injinia aliniita. Alikuwa na barua mezani, ameigeuza isomeke upande wangu.

Wahakiki waliandika kwa adabu. Walisema wamepokea sahihisho la kituo cha Mgozi. Walisema msomaji aliyekosea karibu mita tatu kwa siku moja, na ikamchukua miaka kumi na moja kuligundua kosa, hawawezi kujua amekosea siku ngapi nyingine. Anasoma peke yake, hana shahidi. Kwa hiyo kumbukumbu zote za kituo hicho zisitumike. Badala yake watatumia kituo cha chini, karibu na mji, baada ya vijito vitatu kuungana. Mstari wa kule umenyooka na umenona.

Miaka ishirini na mitatu, kila siku mara mbili. Piga mwenyewe hesabu, mimi niliacha.

"Bosi," nikasema, "ile namba ilikuwa ya kweli."

Akanitazama. Nikaenda kabatini nikatoa daftari, nikafungua ukurasa, nikamwekea kidole kwenye kitenge na mkuyu na kamba. Alisoma mpaka mwisho. Alipofika kwenye Joyce alisoma tena.

"Nilikuuliza kwenye gari kama una uhakika," akasema. "Ukasema ndiyo."

"Nilitaka mhimili ushuke."

"Dogo, sasa nina daftari lenye mwandiko wake linasema alipima, na fomu yenye saini yake inasema aliona vibaya. Niwaandikie niwaambie waamini lipi? Wakiamini daftari, basi alisaini uongo, na msomaji anayesaini uongo hatumiki. Wakiamini fomu, ndiyo hivyo walivyokwisha sema. Umemfungia mlango mbele na nyuma."

"Ungeniruhusu tu kuvuta karibu."

Alifungua droo akatoa mwongozo wa ripoti, kitabu cha buluu ninachowekea kikombe. Akafunua ukurasa wa arobaini na moja, akausukuma kwangu. Pale kwenye viambatisho imeandikwa: mchoro wa ziada unaweza kuwa na kiwango chochote cha mhimili, kidogo au kikubwa, mradi chini yake kitajwe kilipoanzia na kilipoishia. Kisanduku chenyewe kimo kwenye programu, upande wa kulia, kina nafasi mbili za kujaza: cha chini, cha juu. Ningeandika kumi na tano. Ningeandika hamsini. Ningechapa. Mnazi ungebaki kwenye picha kuu umesimama na Joyce wake, na nyuma ya ripoti mto ungeonekana unavyokufa. Kazi ya dakika moja, tena bila kupanda mlima.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamwuliza.

"Uliniuliza picha kuu. Viambatisho hukuuliza." Akafunga kitabu. "Na mimi nilidhani amekosea. Wewe ndiye uliyesoma daftari."

Tuliandika barua mbili. Ya kwanza ilijibiwa kwamba imepokelewa. Ya pili haikujibiwa.

Bomba lilipita Julai. Vijana wa mtaro walichimba kwa siku tisa, wakafukia, wakapanda na nyasi juu, kazi nzuri. Agosti nilipanda Lusegwa. Hakuna aliyenituma, kituo kilikuwa kimeshafutwa kwenye orodha ya programu. Ukiandika "Mgozi" sasa, inakuuliza kama ulikuwa unatafuta jina jingine.

Rula ilikuwa bado imesimama. Maji yalikuwa kwenye tano, labda nne, nilishindwa kuinama vizuri. Mfereji ulikuwa na majani makavu na kiatu cha mtoto. Iliki zilikuwa zimejikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Yuliana alikuwa kwenye magimbi na jembe, anachimbua kabla ya wakati, na Janeth hakuwepo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Janeth yuko wapi?"

"Kaenda Mtibwa, kwenye miwa. Mumewe ana ndugu huko. Kasema akipata chumba atawaita watoto."

Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, juu ya bodaboda, mengine mazuri. Nilimwambia kuhusu daftari, na barua mbili, na ukurasa wa arobaini na moja. Nilimwambia sikuhitaji saini yake. Nilitaka ajue kwamba kosa lilikuwa langu, na sijui nilitegemea anipe nini.

Aliendelea kuchimba mpaka tuta likaisha.

"Kwa hiyo ile siku imo au haimo?" akauliza.

"Haimo, mama. Hakuna siku hata moja iliyomo."

"Na huwezi kuirudisha."

"Hapana pa kuirudishia."

Alinyoosha mgongo, akatazama upande wa mtoni, muda mfupi tu, kama mtu anayesikiliza kama ameitwa. Saa kumi na moja ilikuwa imepita. Hakushuka.

"Basi shika hapa," akasema, akanipa mdomo wa gunia.

Nikashika. Akawa anatupia ndani. Magimbi yalikuwa madogo, mengine kama kidole gumba, hata nguruwe angeyafikiria mara mbili. Gunia halikufika nusu.